Kanzu Imechanwa Upande Gani?

Katika Sura ya Yusuf, ndani ya Qur'ani Tukufu, kuna mtu asiyetajwa jina ambaye mimi humhesabu kuwa babu wa wahakiki wote. Mke wa bwana mkubwa wa Misri amemtaka Yusuf, Yusuf amekataa, wamekimbizana hadi mlangoni, na hapo mlangoni wamekutana na mume. Mwanamke anawahi kushitaki. Yusuf anakana. Huyu anasema lake, yule anasema lake, hakuna aliyeshuhudia, na mmoja wao ni kijana aliyenunuliwa kwa pesa. Ndipo anatokea shahidi kutoka jamaa za mwanamke mwenyewe. Hasemi nani mwema nani mwovu, wala haapi kwamba anamjua Yusuf tangu siku nyingi. Anataka kanzu itazamwe. Ikiwa imechanwa mbele, mwanamke ndiye mkweli. Ikiwa imechanwa nyuma, kijana alikuwa akikimbia. Ikatazamwa, ikakutwa imechanwa nyuma.

Wasomaji wa Biblia wanaijua habari hii kwa mwendo mwingine. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 39, Yusufu anakimbia akiliacha vazi lake mkononi mwa mwanamke. Mwanamke analiweka karibu naye mpaka bwana wa nyumba arudi, anamwonyesha, na vazi hilo ndilo linalompeleka kijana gerezani. Vazi lipo, kila aliyemo nyumbani analiona, na hakuna hata mmoja anayeuliza lilitokaje mwilini mwa mwenyewe. Kwenye kisa kimoja nguo imeonyeshwa tu, kwenye kingine imechunguzwa. Kazi ninayotaka kuisifu hapa, kazi ya uhakiki wa fasihi, inaanzia kwenye tofauti hiyo.

Mhakiki hasifiwi sana. Tuzo ni za watunzi, na ndivyo inavyostahili. Yeye akikumbukwa, mara nyingi hukumbukwa na aliyemkwaza. Watu humdhania mtu wa kutafuta makosa, au mtu aliyeshindwa kutunga akaamua kuwahukumu wanaotunga. Lakini kazi yake hasa ni kusoma mbele ya wenzake na kuonyesha alipoona alichokiona, ili mwingine aende akaangalie mwenyewe. Akisema shairi hili lina huzuni, ana deni la kuonyesha huzuni imekaa wapi: ni neno lipi, ni kituo kipi, ni kina gani kilichotarajiwa kisije. Asipolilipa deni hilo amebaki na maoni tu, na maoni kila mtu anayo.

Shuleni kwetu, Kenya na Tanzania, uhakiki tumeugeuza orodha. Dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Vichwa hivyo si vibaya, na vimewasaidia walimu wengi wenye madarasa yaliyofurika na nakala chache za kitabu teule. Tatizo ni kwamba kijana anaweza kujaza kurasa tatu juu ya riwaya aliyoisoma kwenye mwongozo peke yake, akafaulu. Anaandika kwamba mwandishi ametumia tashbihi, anatoa mfano, anaendelea na takriri, anatoa mfano, anaingia tashihisi. Hakuna aliyewahi kumuuliza tashbihi hiyo imefanya kazi gani pale ilipowekwa, na ingeondolewa kingepungua nini. Nasoma majibu ya namna hiyo kwa uchungu, kwa sababu kijana mwenyewe nyumbani kwao hutambua kijembe kabla msemaji hajamaliza sentensi. Kipaji anacho, ila hatukumwambia kwamba hicho ndicho tunachokitaka.

Aliyenikata kiu katika swali la kazi ya neno ni Abdul-Qahir al-Jurjani, mwanachuoni wa nahau wa karne ya 11, mwenyeji wa Gurgan karibu na Bahari ya Kaspi, Iran ya leo. Wenzake walikuwa wakibishana kama uzuri wa usemi uko katika maana au katika lafudhi. Yeye akasema haumo ndani ya neno likiwa peke yake. Neno lilelile utalikuta linang'ara katika ubeti huu na limepooza katika ubeti ule, na kama uzuri ungekuwa mali ya neno, ungelifuata kila liendako. Uzuri umo katika mpangilio, katika namna neno linavyoshikana na jirani yake kwa kanuni za nahau.

Halafu akaonyesha, na hapo ndipo ninapompendea. Katika Sura ya Maryam, Nabii Zakariya, mzee asiye na mtoto, anamwomba Mola wake na kueleza kwamba kichwa chake kimewaka mvi. Waliomtangulia Jurjani walitosheka kusema hiyo ni isitiari nzuri, mvi zimefananishwa na moto. Jurjani akasema isitiari pekee haitoshi, mwangalieni mtenda wa kitenzi. Kinachowaka kwa hakika ni mvi, lakini sentensi imekipa kichwa kitenzi hicho, mvi zikaja baadaye kueleza kimewaka nini. Akaleta mfano wa nyumba. Ukisema moto umewaka nyumbani, huenda ni upande mmoja tu. Ukisema nyumba imewaka moto, hakuna pembe iliyosalimika. Kiswahili kinaubeba mfano huu bila kupungukiwa na kitu. Tangaza mtaani kwamba moto unawaka nyumbani, majirani watauliza unapika nini. Tangaza kwamba nyumba inawaka moto, watakuja na ndoo. Maneno ni yaleyale matatu, na yote yaliyobadilika ni nani amekalia kiti cha mtenda. Zakariya hakusema tu kwamba ana mvi nyingi. Mpangilio wa sentensi umekifunika kichwa chote, na kwa hiyo ombi la mtoto linatoka kwa mtu ambaye uzee haukumbakizia pa kujificha.

Haya yamo katika kitabu chake cha Dalail al-I'jaz. Mwaka 1929, I. A. Richards wa Cambridge alichapisha Practical Criticism, baada ya kuwapa wanafunzi mashairi yaliyofichwa majina ya watunzi ili aone wanasomaje wasipojua wamstahi nani. Kitabu kile kilistahili sifa zake. Lakini tunapowaambia wanafunzi wa Kiafrika kwamba kusoma neno kwa neno ni uvumbuzi wa Uingereza wa karne iliyopita, tunamnyima haki mwanachuoni wa Gurgan aliyeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 800 kabla.

Na kabla ya Gurgan kulikuwa na Kashmir. Katika karne ya 9, enzi za mfalme Avantivarman, Anandavardhana aliandika Dhvanyaloka, kitabu kinachoshughulika na kile ambacho shairi linakisema bila kukitamka. Mfano wake mmoja ni ubeti wa zamani ambamo mwanamke anazungumza na mcha Mungu aliyezoea kutembea kando ya mto Godavari. Anamwambia sasa atembee bila wasiwasi, kwani yule mbwa mdogo aliyekuwa akimsumbua ameuawa na simba anayeishi kwenye vichaka vya mto. Kwa maneno, mwanamke anampa ruhusa. Kwa maana, anamfukuza, maana aliyeogopa mbwa hatathubutu kusogea kwenye simba, na mwanamke anapataka mahali pale pawe pake na mpenzi wake. Swali la Anandavardhana ni hili: hiyo maana ya pili imekaa katika neno gani? Ukilipekua kila neno hutaiona. Haimo katika kamusi wala katika sarufi, na bado kila msikilizaji mwenye akili ameipata. Anandavardhana aliiita roho ya ushairi.

Aliyelelewa Pwani atalipokea fundisho hili kama mtu anayekumbushwa la kwao. Kanga hununuliwa kwa jina lake, huvaliwa siku maalumu mbele ya mtu maalumu, na aliyekusudiwa hujijua. Washairi wetu nao wamejenga utukufu wao juu ya fumbo, na katika hao Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekisiwa kuishi kati ya 1776 na 1840, hana wa kumkaribia. Alitunga wakati Mombasa ya Mazrui ikivutana na Lamu na watawala wa Busaidi, na beti zake ziliingia katika uhasama huo zikijibu, zikionya na zikidhihaki. Siku fumbo lilipotoka, mji ulijua linamwendea nani. Miaka hamsini baadaye maneno yalikuwa bado yamo vinywani mwa watu, na wengi wa waliokusudiwa walikuwa makaburini.

Aliyeziokoa beti hizo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Vitabuni anayetajwa kwanza ni mmisionari William Taylor, na kweli Taylor alizikusanya na kuzitunza karatasi. Lakini wa kuwaendea wazee, kuwauliza ubeti huu ulisemwa lini na kwa sababu gani, na kuuandika kwa hati za Kiarabu pamoja na maelezo yake, alikuwa Sikujua. Kutokana na karatasi hizo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mjini Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akachapisha utafiti wake mkubwa wa Muyaka mwaka 1979. Uhakiki wa Kiswahili una mwanzo mwema kuliko tunavyowaambia wanafunzi. Una mtu aliyetembea mitaa ya Mji wa Kale akiuliza, na akaandika alichojibiwa. Sijaona barabara wala ukumbi wenye jina lake, na ningependa kuuona.

Tarehe 31 Januari 1827, huko Weimar, mshairi wa Kijerumani Goethe alimwambia msaidizi wake Eckermann kwamba amekuwa akisoma riwaya ya Kichina, kwamba watu wake hawakuonekana wageni kwake, na kwamba zama za fasihi ya dunia zimekaribia. Kauli hiyo hutajwa kila panapozungumzwa fasihi ya dunia, nami naipenda kwa sababu ilitoka kwa mzee wa miaka 77 ambaye bado alikuwa na hamu ya kusoma ya mbali. Ila mwaka uleule Muyaka alikuwa hai Mombasa, na dunia ya Goethe haikumfikia. Ndiyo sababu ramani ya fasihi ya dunia haiwezi kuachiwa mji mmoja kuichora.

Aliyeupanua moyo wangu katika jambo hili hakuwa Goethe bali Mjerumani mwingine, na aliandika akiwa ugenini. Erich Auerbach alizaliwa Berlin mwaka 1892, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Ujerumani, akawa profesa Marburg. Mwaka 1935 utawala wa Hitler ulimwachisha kazi kwa kuwa ni Myahudi. Mwaka uliofuata alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Istanbul. Huko, kati ya 1942 na 1945, nchi yake ikiwaua watu wake, aliandika Mimesis, kitabu kinachotembea kutoka Homer hadi Virginia Woolf na kuuliza kila kizazi cha waandishi wa Ulaya kiliyaonaje maisha ya kawaida ya watu. Kikachapishwa Bern, Uswisi, mwaka 1946. Hakuwa na maktaba kubwa ya kumpa majarida na tafiti za wenzake, naye mwenyewe anaeleza mwishoni kwamba huenda asingethubutu kukiandika angekuwa nayo. Alibaki na maandiko yenyewe. Kila sura inaanza na kipande kifupi kutoka katika kazi moja, kisha Auerbach anakaa nacho.

Sura ya kwanza ndiyo ninayorudi kuisoma mara kwa mara. Odysseus, shujaa wa Homer, amerejea kwake baada ya miaka 20, amejigeuza ombaomba, na yaya aliyemlea, Eurykleia, anamwosha miguu bila kujua ni nani. Mkono wake unagusa kovu juu ya goti. Hapo hapo, wakati msomaji ameshika pumzi, Homer analiacha karai na yaya, anakwenda kusimulia mistari zaidi ya sabini za jinsi kovu lilivyopatikana: babu, zawadi, karamu, mawindo, nguruwe mwitu, tiba. Akimaliza ndipo mguu unaangukia ndani ya karai na maji yanamwagika. Kwa Homer kila kitu kimewekwa mbele, kina mwanga, kina jina.

Kisha Auerbach analeta kando yake kisa cha Ibrahimu kupewa amri ya kumtoa mwanawe, katika Mwanzo 22. Sauti inamwita, hatujui iko wapi. Wanasafiri siku tatu, na juu ya siku hizo tatu hatuambiwi neno: hakuna njia, hakuna chakula, hakuna uso wa mtoto. Baba anabeba moto na kisu. Mtoto anauliza swali moja tu, kuhusu mwanakondoo. Kilichonyamaziwa ndicho kinachombana msomaji. Kutokana na kurasa hizo mbili, Auerbach anaonyesha njia mbili za kuisema dunia, moja inayosema yote na nyingine inayoficha yaliyo mazito zaidi, na anazifuata hadi riwaya za zama zetu. Hakuanza na kanuni akaenda kuitafutia mifano. Alianza na mkono wa yaya juu ya kovu.

Hakuileta simulizi ya tatu, ambayo msomaji wa pwani yetu huisikia kila Idi ya Kuchinja. Katika Qur'ani, Sura ya As-Saffat, Ibrahim anamweleza mwanawe alichokiona ndotoni na kumuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Mtoto anaridhia na kumtaka baba atekeleze alichoamrishwa. Kimya cha siku tatu hakipo, na mahali pake pana mazungumzo mafupi sana kati ya baba na mwana. Uzito wa kisa umehama. Katika Mwanzo tunapanda mlima na baba anayejua na mtoto asiyejua, na kila hatua inauma kwa sababu hiyo. Hapa wote wawili wanajua, na kinachotushika ni utulivu wao. Hata jina la mtoto halikutajwa katika aya hizo, ingawa Waislamu wengi hushika kuwa ni Ismail. Sizishindanishi simulizi hizi kutafuta iliyo bora, maana kila moja ni nuru kwa wenye nayo. Ninachosema ni kwamba njia ya Auerbach ni ya kweli kiasi kwamba msomaji wa Lamu au Kigoma anaweza kuichukua na kuona nayo ambacho Auerbach mwenyewe hakukitazama. Nadhani angefurahi.

Tarehe 18 Februari 1975, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, Chinua Achebe alitoa mhadhara juu ya Heart of Darkness, kitabu ambacho Joseph Conrad alikitunga baada ya kusafiri Mto Kongo mwaka 1890. Wahakiki wakubwa wa Kimarekani na Kiingereza walikuwa wamekisifu kwa ufundi wake na kukifundisha miaka na miaka. Achebe akahesabu vinywa. Katika kitabu kizima kilichokaa Kongo, alisema, ni mara mbili tu Waafrika wanapewa maneno ya kueleweka: mara moja ili waombe kula nyama ya mtu, na mara moja ili watangaze kifo cha Mzungu. Kwingineko ni miguu, macho na kelele. Watu hukumbuka mhadhara ule kwa hasira yake, na hasira ilikuwa halali. Mimi naukumbuka zaidi kwa hesabu ile. Ushahidi ulikuwa wazi ukurasani kwa zaidi ya miaka 70, ukapitiwa na macho ya wasomi waliobobea, na hawakuuona kwa sababu haukuwagusa. Uhakiki una faida hiyo ya kupokezana macho: anayeumia huona mahali ambapo asiyeumia amepita mbio.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipoandika Paradise, riwaya iliyotoka mwaka 1994, aliupeleka msafara wa wafanyabiashara bara kabla ya Vita vya Kwanza, kwenye njia ambazo msomaji wa Conrad angedhani anazijua. Lakini Gurnah amewajaza watu wake maneno: wanagombana, wanajisifu, wanasimuliana, wanadanganyana. Kijana wa hadithi anaitwa Yusuf. Amewekwa rehani kwa deni la baba yake kwa tajiri anayeitwa Aziz, na mke wa tajiri, Zulekha, anamtaka. Shati la Yusuf linachanika nyuma. Msomaji wa Kiswahili akifika hapo hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa, anajua anaangalia nini. Na akijua hivyo, ataona pia alichokibadilisha Gurnah. Katika Sura ya Yusuf, ukweli wa kanzu hatimaye unafuatwa na cheo na heshima. Katika riwaya, ushahidi upo na unatajwa, lakini Yusuf anabaki kuwa rehani ya mtu, na hakuna nafasi inayomngoja. Swali la nani anasema kweli limejibiwa, na swali la nani anammiliki nani limebaki palepale. Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 tulisherehekea, na baadaye Ida Hadjivayanis akaifasiri riwaya hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Sherehe ilikuwa kubwa kuliko usomaji. Kurasa za uhakiki wa Peponi zilizoandikwa kwa Kiswahili bado ni chache mno kwa kitabu cha uzito huo.

Si kwamba hatukuwa na misingi. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati, na fasihi simulizi ifundishwe kama msingi badala ya kutajwa kwa adabu mwishoni. Miaka hiyohiyo Farouk Topan alikuwa akifundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili Dar es Salaam, na mwaka 1971 akatoa Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, ambamo wasomi walipima kazi zetu kwa lugha yetu. Wakaja wengine: Kimani Njogu na Rocha Chimerah na Ufundishaji wa Fasihi mwaka 1999, Kyallo Wadi Wamitila na Uhakiki wa Fasihi mwaka 2002. Hawa walitupa istilahi na nadharia, na anayedharau istilahi hajawahi kujaribu kufundisha bila istilahi.

Lakini nadharia ina mahali pake, na mahali pake si mwanzo. Katika tasnifu nyingi mtu huchagua nadharia kwanza, Umaksi au Ufeministi au Udenguzi, kisha hutafuta riwaya itakayoikubali. Riwaya huishia kutoa mifano tu. Tazama jinsi inavyoweza kwenda vizuri. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ambamo mama wa Pate anayeugua anamuusia binti yake namna ya kuishi na mume, umesomwa na wengi kama somo la utiifu, na wengine wameulaumu kwa sababu hiyo. Anayeusoma kwa jicho la Kifeministi huku akiyashika maneno yenyewe atakuta kwamba mama anamwambia binti amlee mumewe kama mtoto asiyejua kunena. Asimame hapo. Mume, mwenye amri ya nyumba, amegeuzwa mchanga wa kulelewa, na mwenye akili na uangalizi ni mke. Je, mama anafundisha utii, au anafundisha namna ya kutawala ukiwa umekaa chini? Mimi naona yote mawili yamo, na kwamba mama anayejua hatainuka kitandani alikuwa na sababu ya kumwachia binti maarifa yasiyoweza kutamkwa wazi. Mwingine atanipinga, na tutarudi pamoja kwenye ubeti. Nadharia ilituwezesha kuuliza. Jibu tulilitafuta katika utenzi.

Ndiyo maana naiheshimu kazi hii kuliko inavyoheshimiwa. Inamtaka mtu mwenye elimu anyamaze mbele ya maandishi ya mwingine, ayasikilize kuliko alivyozoea kusikilizwa, kisha aseme alichosikia kwa lugha ambayo asiye na shahada anaweza kuifuata na kuisahihisha. Jurjani aliifanya kwa sentensi moja ya dua, Sikujua kwa beti za mshairi aliyekwisha kufa, Auerbach akiwa amefukuzwa kwao, Achebe mbele ya ukumbi wa watu waliokipenda kitabu alichokikosoa.

Mhariri wa gazeti la Kiswahili, tenga nusu ukurasa kwa wiki kwa ajili ya kitabu kimoja, na umkatae mwandishi anayeeleza muhtasari wa hadithi tu bila kugusa hata sentensi moja ya mtunzi. Mwalimu wa kidato cha tatu, funga mwongozo kipindi kimoja tu kwa wiki, uandike ubeti mmoja ubaoni, uwaulize vijana kwa nini neno hili limetangulia lile, na uwaache wabishane. Nawe msomaji usiye mwalimu wala mhariri, una diwani au riwaya nyumbani. Chagua ukurasa mmoja uliokugusa, andika kwa Kiswahili chako ni nini hasa kilichokugusa na kiko mstari gani, kisha umpe mwenzako asome na akujibu.